Ngazi za Nyuma ya Zahanati

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Nianze kwa kukuomba radhi. Barua zako mbili zimelala juu ya meza yangu tangu mwaka uliopita, nami kila nikizitazama hujiambia kwamba nitazijibu kesho. Mtu aliyekuchapa ulipochelewa kumwandikia shangazi yako barua ya shukrani kwa lile gauni hana udhuru wa kutoa, kwa hiyo sitoi.

Natumaini u mzima, unakula vizuri, na paa la chumba chako halivuji tena. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu. Goti lake limepoa na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo ujue kwamba amepona. Mimi pia ni mzima, namshukuru Mungu.

Wazee wenzangu wa matembezi wanakusalimu. Bado tunatoka kila alfajiri. Tunauzunguka uwanja wa shule, tunapita nyuma ya soko, tunarudi. Dereva hutangulia, maana hajakubali kwamba amestaafu na bado hataki kupitwa na mtu. Karani humfuata. Fundi Saa hubaki nyuma akisema kwamba saa nzuri haiendi mbio. Mama yako, kwa furaha yake, aliwasomea sehemu ile ya barua yako isemayo kwamba mashine uliyotupimia imeonyesha Baba Mkubwa ana mishipa ya kijana wa miaka ishirini. Tangu siku hiyo hawaniiti tena Mwalimu. Jina langu sasa ni Kijana. “Kijana, pisha wazee!” “Kijana, tubebee maji!” Juzi Dereva alimzuia muuza magazeti aliyetaka kuniamkia. “Huyu usimwamkie,” akamwambia, “umri wake mdogo kuliko wako, yeye ndiye akuamkie wewe.” Wote walicheka. Nami nilicheka, ila si kwa moyo.

Nina swali dogo, la mtu anayependa kujua tu. Mtu mwenye afya akipanda ngazi kwa haraka, kisha akalala, damu yake huchukua muda gani kurudi katika hali yake? Habari ya moyo naijua. Nimejishika mkono nikahesabu, hutulia upesi. Nauliza habari ya mishipa.

Jitunze.

Baba yako mkubwa


Tarehe 21 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nimeifungua barua yako mlangoni, hata viatu sijavua. Nilidhani umenikasirikia. Nilikuwa nimeanza kupekua kumbukumbu zangu nione nilikukosea wapi nilipokuja nyumbani na ile mashine: labda nilisahau kukupokea mfuko, labda nilikaa kabla hujakaa. Kumbe ni kuchelewa tu. Nimefurahi mpaka jirani yangu amekuja kuuliza kama nimefaulu.

Mimi ni mzima. Paa limezibwa. Nasikitika kwamba Dereva anakusumbua, lakini jina la Kijana nimelipenda, na nikija nitakuita hivyo nikiwa mbali, pale usipoweza kunifikia.

Sasa nikujibu. Mtu akipumzika, moyo wake husukuma kama lita tano za damu kwa dakika. Akikimbia, mtu mwenye afya anaweza kufika lita ishirini, na wakimbiaji hupita hapo. Watu hustaajabia moyo, lakini mimi hustaajabia mgao. Misuli ya miguu ikianza kazi hudai damu, na mishipa inayoilisha hutanuka; wakati huohuo mishipa ya tumbo hubanwa, tumbo likaambiwa lisubiri. Ulipotukataza kukimbia mara baada ya kula ulikuwa sahihi, ingawa ulisema utumbo utajifunga fundo, na hilo si kweli.

Kisha kuna jambo ninalolipenda zaidi. Damu inayopita kwa kasi huusugua utando wa ndani wa mshipa, na utando huo hutoa kitu kinachouamuru mshipa ulegee. Mtu akitembea kila siku, mwaka baada ya mwaka, utando wake huzoea kazi hiyo, na mishipa yake hubaki myepesi kutanuka hata saa asizofanya chochote. Ndiyo maana nilikufunga mkanda ule mkononi, nikaukaza mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikaufungua na kutazama kwenye kioo cha mashine jinsi mshipa unavyoipokea damu inayorudi. Mshipa mkavu hushtuka kidogo tu. Wako ulifunguka kama mlango wa nyumba yenye harusi.

Na swali lako lenyewe: moyo hutulia upesi, kama ulivyoona. Mishipa haitulii hivyo. Hubaki imelegea saa moja, pengine mbili au zaidi, na presha hushuka chini hata kuliko ilivyokuwa kabla ya mazoezi. Ukimpima mtu wakati huo utadhani umepata mtu wa ajabu, kumbe umepata mtu aliyetoka mbioni. Kwa sababu hiyo mshiriki hatakiwi kufanya mazoezi tangu jana yake, na hulazwa kimya kwanza.

Nina habari kubwa. Profesa wangu (ni mama mkali, mngepatana) amekichagua kipimo chako kiwe cha kwanza kuonyeshwa kwenye mkutano wa mwisho wa Juni. Atakuja hata mkuu wa kitivo. Kazi yangu yote inasimama juu yenu, Baba Mkubwa: wazee wanaotembea, na mishipa yao wakiwa wamepumzika. Profesa amesema, “Mlete huyo mzee, akae mbele, watu wamwone.” Chuo kitakutumia tiketi. Sema utakuja. Nikipita siku hiyo, nimemaliza masomo.

Mwanao


Tarehe 27 Mei

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi ni wazima. Nimenyamaza tena, na safari hii muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mama yako ameniambia kwamba umeshashonesha nguo ya siku ya mkutano. Nguo hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sitakuja. Na kipimo changu usikionyeshe mbele ya watu.

Ulipokuwa hapa ulitueleza wazi kwamba unataka kuona damu ya mtu aliyepumzika. Sikusahau. Lakini siku moja kabla ya zamu yangu Fundi Saa alitoka chumbani mwako pale zahanati akitamba: “Binti kasema damu yangu inapita kama maji kwenye bomba jipya!” Najua hukusema hivyo. Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Asubuhi yake niliamka na mikono ya baridi, kama ninavyoamka siku zote sasa, nikaitazama nikaona aibu. Mimi ndiye niliyewatoa wazee wale vitandani. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba mwenye kutembea damu yake haichakai. Nikajiona nimelala mbele yako na mashine ikikuonyesha kuwa kiongozi wao ndiye dhaifu kuliko wote.

Basi niliwaacha wenzangu uwanjani, nikaenda zahanati mapema, nikapita nyuma. Nilizipanda ngazi zile za nje, nikazishuka, nikazipanda tena, mpaka pumzi ikanikatika. Mwanamke anayefagia alisimama na ndoo yake akinitazama.

“Mzee, umepotelewa na nini?”

“Sijapotelewa.”

“Unamtafuta nani basi?”

“Simtafuti mtu.”

“Haya. Ukimpata umwambie ashuke, nataka kupiga deki.”

Nikaingia chooni. Humo nikachuchumaa na kusimama, nikachuchumaa na kusimama, nimeshikilia bomba, na mvi zangu kichwani. Nilisugua viganja mpaka vikapata moto. Nilinawa uso, nikazunguka mpaka mlango wa mbele, nikaingia polepole kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Uliniamkia, ukanilaza. Nilikuwa nimeazimia jambo moja: ukiniuliza, nitasema kweli, maana nisingeweza kukudanganya tukiwa tunatazamana. Hukuniuliza. Nilimshukuru Mungu, nikafumba macho.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia mitihani. Nimewatoa watoto wa watu chumbani kwa sababu ya kijikaratasi kilichofichwa ndani ya soksi, na walipolia sikuwasikiliza. Sikupata kujiuliza kwa nini mtoto mwenye akili hubeba kijikaratasi. Sasa najua. Si kwa kuwa hajui kitu. Ni kwa kuwa wenzake wamesema nje ya mlango kwamba wao wanajua.

Mwezi wa tatu nilipokuuliza swali lile nilikuwa natafuta tundu la kupenyea. Nilitumaini utasema kwamba mtu akilala kidogo tu, kila kitu hurudi mahali pake. Jibu lako lililiziba tundu, nami bado nikakaa kimya, nikiitwa Kijana kila alfajiri na kuitika.

Kiondoe kipimo changu. Akitoka mmoja, wengine wanabaki. Wenzangu hawakufanya hila yoyote. Walitembea tu kama kawaida yao kisha wakaja kwako, na kutembea kwetu si mazoezi, ni desturi.

Nisamehe, mwanangu. Sina neno zaidi.

Baba yako mkubwa


Tarehe 8 Juni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Sikujibu upesi kwa sababu kila nilipoanza nililia, na barua yenye machozi ungenirudishia niiandike upya.

Nimekusamehe. Laiti ingekuwa wewe peke yako.

Hukujiuliza kwa nini sikukuuliza? Kuna maswali ambayo lazima kila mshiriki aulizwe kabla hajalala. Umekula? Umekunywa kahawa? Umevuta sigara? Umefanya mazoezi tangu jana? Ni ya kawaida, hata mtoto anaweza kuyauliza. Lakini mwishoni, kwa wanaume, lipo hili: Umetumia dawa ya kuongeza nguvu za kiume? Si utovu wa adabu, Baba Mkubwa. Dawa hizo hutanua mishipa ya damu. Ndiyo kazi yake. Mpimaji asipojua, hajui anapima nini.

Vijana niliowapima ili niwalinganishe nanyi niliwauliza. Walicheka, wakajibu, tukaendelea. Mzee wa kwanza alikuwa Karani. Ni yeye aliyenishika mkono siku tulipomzika baba, akanitembeza nyuma ya nyumba mpaka nilipoacha kulia. Nilifungua mdomo nianze na lile la kula. Nikaliona la mwisho linakuja nyuma yake, ulimi ukagoma. Nikamwambia, “Karibu ulale, baba.” Nilipomruka yeye, nilijikuta nawaruka wote. Na wewe? Ningeanzia wapi, wewe uliyenilea, hata maswali ya maji na sabuni siwezi kukuuliza bila kusimama wima?

Nilikuona na jasho shingoni. Nilijiambia ni joto.

Profesa aliponiuliza kama kila mshiriki aliulizwa yote, nilisema ndiyo. Sikufikiri hata kidogo. Lilitoka kama shikamoo.

Na hiyo desturi yenu ni mazoezi. Nilikuwa nawasikia kila asubuhi mkicheka nje ya dirisha, mmetoka uwanjani, Dereva anatweta, nami nikawa nawalaza mmoja mmoja na kuandika kwamba mmepumzika. Nilijua. Nilijua na nikaendelea, kwa sababu ningewaambia mje siku nyingine bila kutembea ningelazimika kueleza kwa nini, na maelezo hayo yangenirudisha kwenye maswali. Sina kipimo hata kimoja cha mzee aliyepumzika kweli. Kazi yote imeegemea ukuta ambao haupo.

Mkutano umekaribia. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya watu kusoma uongo. Nikisema, watanifukuza, mwaka jana walimfukuza mwenzetu kwa dogo kuliko hili. Ile nguo nimeitundika nyuma ya mlango. Kila nikiingia inanigusa begani kama mtu.

Usimwambie mama.

Mwanao


Tarehe 16 Juni

Mwanangu,

Natumaini umelala na umekula. Sisi wazima. Mama yako hajui lolote.

Nimefanya jambo ambalo hukuniomba. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilipopata barua yako, asubuhi ya pili, tulipokuwa tumekaa kwenye ukuta wa uwanja tukivuta pumzi, niliwauliza wenzangu, “Siku zenu za kipimo, mlitembea kwanza?”

“Tulitembea, si ulikuwapo?” akasema Karani. “Wewe ndiye uliyesema ratiba isivunjwe hata kwa ugonjwa.”

Hilo ni kweli, nilisema.

“Na je,” nikauliza, “kuna yeyote kati yenu aliyetumia dawa? Dawa za wanaume.”

Dereva akaanza kufunga upya kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa. Fundi Saa akasema, “Mwalimu, leo umeamkia upande gani?” Naye Karani akadakia, “Mwacheni, ni Kijana huyu, anatafuta mahali pa kununulia.” Wakacheka mpaka wakakohoa. Nikafahamu kwa nini ulimi wako uligoma. Wangu umezoea kuuliza, na bado uliniwaka moto.

Tulipotawanyika, mmoja wao alinifuata mpaka getini. Nitamstiri jina, hata la utani. Alisimama akiizungusha kofia yake mikononi.

“Zile dawa,” akasema, “zinaonekana kwenye mashine?”

“Si dawa yenyewe. Kazi yake ndiyo inayoonekana.”

“Kwa hiyo binti aliona.”

“Hakuona kitu. Hakuwa akitafuta hilo.”

“Mke wangu hajui, Mwalimu.”

Alikaa kwenye kizingiti changu akajifunika uso kwa kofia. Tumefahamiana tangu tulipokuwa na meno yote, wala sijawahi kumwona amekaa hivyo. Nikaona kwamba nimewavua watu nguo ilhali mimi nimevaa. Kesho yake niliwaambia wote: ngazi, choo, bomba nililolishikilia, na maswali yako. Nilingoja wanicheke. Dereva peke yake ndiye aliyesema kitu: “Kumbe Kijana alikuwa anaiba mtihani.” Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Kisha Karani akasema, “Mtoto asifukuzwe kwa sababu alituonea haya. Tuseme alituuliza. Tuseme tulimdanganya. Mzee atafukuzwa wapi?”

“Tulimdanganya kwa kiburi,” akasema Fundi Saa. “Hilo wataliamini upesi.”

Wote wakakubali. Mimi niliyewafundisha watu maisha yangu yote kwamba uongo hauna mguu mfupi wala mrefu, uongo ni uongo, sikupinga. Niliomba nipewe kazi hiyo niifanye mwenyewe, kwa kuwa hila ya kwanza ilikuwa yangu.

Unajua kwamba siipendi simu. Hunifanya nipige kelele. Jana nimempigia Profesa wako. Nimemwambia kwamba ulituuliza maswali yote, moja baada ya jingine, kwa adabu, nasi tukakujibu uongo kwa sababu tulitaka tuonekane hodari. Nimemwambia vipimo vya wazee vitupwe, na kwamba wewe huna hatia. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo linanitia aibu kuliko ngazi. Naye akanijibu, “Asante sana, Mwalimu, kwa uaminifu wako.”

Wewe hutakiwi kusema lolote. Kunyamaza tu. Waache waniite mwongo. Mimi nimeshamaliza safari yangu, wewe ndiyo kwanza unatoka nyumbani.

Baba yako mkubwa


Tarehe 2 Julai

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wazee wote. Mama nimemwandikia kando, na nimemweleza kila kitu, kwa hiyo kama amekuja kwako akiwa amefunga kanga kiunoni, mpishe aseme.

Barua yako ilifika baada ya simu yako. Profesa aliniita ofisini, akavua miwani, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: “Una bahati ya kuwa na wazee wenye dhamiri. Kosa si lako.” Alisema vipimo vya wazee vitaondolewa, mkutano utaendelea na wanafunzi wengine, nami nitabaki na vipimo vya vijana, nitengeneze kazi ndogo zaidi. Nilikuwa nimeokoka. Niliposoma barua yako nikajua nimeokolewa na nani, na kwa bei gani kwake. Na bado nilinyamaza. Uliniambia ninyamaze, na mimi nikalikamata neno lako kwa mikono miwili kama mtoto mtiifu.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Kisha Profesa akatukusanya wanafunzi wake wote katika chumba cha vipimo. Alitaka tujifunze kutokana na yaliyotokea, akasema. Akaandika ubaoni kwamba mtu akitoka kwenye mazoezi mishipa hubaki wazi, akachora mshipa, akaeleza vizuri kama anavyoeleza siku zote. Halafu akageuka: “Na jifunzeni hili pia. Wazee hudanganya. Hasa walimu wastaafu. Msimpime mzee bila shahidi.” Wenzangu waliandika. Kijana aliyekaa karibu na baiskeli ya vipimo akakunja mgongo, akaigiza sauti ya mzee: “Mimi? Mimi sijatoka kitandani tangu jana, binti yangu!” Chumba kizima kilicheka, na Profesa akatabasamu.

Nilitaka kuendelea kukaa. Nakuambia kweli, miguu yangu ilitaka kukaa. Lakini nilikuwa nimeshasimama, na nilisikia sauti yangu ikisema, “Hawakuulizwa.”

“Nani hawakuulizwa?”

“Wazee wangu. Sikuwauliza. Wanadanganya sasa, kwa ajili yangu. Siku ile hawakudanganya, hakuna aliyewauliza kitu.”

Profesa alinigeuzia mgongo. Alifuta ubao, taratibu, mshipa wote, akatoka.

Leo asubuhi nimeitwa mbele ya jopo. Wako watano, na Profesa ni mmoja wao. Hakuniangalia hata mara moja. Walitaka nieleze kwa nini niliyaruka maswali. Nikasema niliona haya. Walitaka nilitaje swali lenyewe. Nikalitaja, mbele ya wanaume watatu wenye umri wako, na masikio yangu yakawa yanapiga kama ngoma. Kama wangenifunga mkanda wakati ule wangepata mambo ya kuandika. Yule mzee kuliko wote, mwenye sauti ya chini, aliniuliza:

“Uliona haya kuuliza. Hukuona haya kusema ndiyo?”

Jibu lake, Baba Mkubwa, nalitafuta tangu nilipotoka mle ndani.

Niliwaomba jambo moja. Nimesema kwamba vyovyote watakavyoamua juu yangu, wazee waandikiwe kwamba hawakukosea, kasoro mmoja, na huyo mmoja alikiri mwenyewe. Usinune. Ngazi umezipanda, siwezi kuzifuta. Lakini simu ile nimewaambia ilikuwa yangu zaidi kuliko yako, kwa sababu mimi ndiye niliyeiacha isimame. Yule aliyekaa kwenye kizingiti chako sikumtaja, wala sitamtaja, wala sitaki kumjua.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya mlango wao. Mlango ni mwembamba. Sisikii maneno, nasikia sauti tu, zikipanda na kushuka. Sasa hivi mmoja wao amecheka. Nadhani wamefika kwenye lile swali.

Wanaweza kunitoa chuoni. Wanaweza pia kunirudisha kwenu na mashine, nianze upya na wazee walewale, mwaka mzima. Katibu amepita akaniambia huenda wasimalize leo, nisingoje. Nangoja hivyo hivyo. Nikirudi chumbani sina la kufanya ila kuitazama ile nguo.

Uamuzi ukitoka nitakuandikia, siku hiyohiyo, uwe wa namna gani. Na tafadhali, Baba Mkubwa, kabla ya hapo usimpigie mtu simu.

Mwanao